Namba Iliyoganda: Mapigo Tisa Yanayoweza Kuifungua Mashine ya Mgonjwa

Neno "kuganda" limepata maana mpya katika wodi zetu. Zamani tulilitumia kwa damu, maziwa na mafuta. Leo muuguzi wa zamu akisema "mashine imeganda" kila mtu huelewa kwamba kioo kinawaka, namba zinaonekana, vitufe vinabonyezeka, lakini hakuna kinachobadilika. Tiba inayojulikana ni moja: zima, kisha washa. Mara nyingi tiba hiyo hufaulu. Makala haya yanahusu zile mara ambazo haifaulu, au inafaulu kwa saa moja kisha tatizo linarejea. Yanahusu pia hatari iliyo kubwa zaidi ya hizo zote, yaani mashine iliyoganda bila mtu yeyote kutambua.

Nilishuhudia hatari hiyo katika chumba cha uangalizi cha hospitali moja, ambayo sina sababu ya kuitaja. Mama aliyejifungua kwa upasuaji alikuwa amelazwa humo huku kibanio cha kupimia oksijeni kikiwa kidoleni mwake. Kioo kilionesha asilimia 98. Muuguzi aliyekuwa akipita hakukitazama kioo kwanza, alimtazama mgonjwa. Aliona midomo imepoteza rangi na akasikia pumzi inayokoroma. Akainua kidevu cha mama yule, akamwekea oksijeni, akaita msaada. Baada ya hapo alifanya jambo ambalo nimelifundisha kwa wanafunzi wangu tangu siku ile: alikitoa kibanio kidoleni akakiweka juu ya meza. Dakika nzima ilipita, na meza ile ya mbao iliendelea kuwa na oksijeni ya asilimia 98. Kifaa kingine kilipowekwa kwenye kidole cha mama kilisoma 81. Alipona, na alirudi nyumbani na mtoto wake. Namba ile ya 98 ilikuwa ya kweli pia, ila ilikuwa ya muda uliopita.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji. Mojawapo ya maswali yake, linaloulizwa kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, ni kama kipima oksijeni kimewekwa na kinafanya kazi. Wengi wetu hujibu "ndiyo" kwa sababu tunaona namba. Lakini namba ile ni tamati ya safari ndefu. Mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, ndiye aliyeonesha mwaka 1974 kwamba mdundo wa mshipa wenyewe unaweza kutumiwa kuitenga damu ya ateri na tishu nyingine, kwa kulinganisha mianga miwili inayopita kidoleni, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Tangu hapo vifaa vimekuwa vidogo hadi vinaingia mfukoni, na kazi iliyokuwa ikifanywa na kabati zima la elektroniki sasa hufanywa na chipu chache zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe. Kifaa kinafanya kazi pale tu mazungumzo hayo yanapoendelea.

Waya mbili, wazungumzaji wengi

Ukifungua kifaa cha kisasa utakuta chipu kuu, ambayo ndiyo kompyuta yenyewe, na pembeni yake chipu ndogondogo: ya kihisi cha mwanga, ya kupima joto, ya kutunza saa na tarehe, ya kumbukumbu, na ya kukagua betri. Kama kila moja ingeunganishwa na chipu kuu kwa waya zake peke yake, kibao kingejaa waya. Mwaka 1982 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilibuni utaratibu wa kuziunganisha zote kwa waya mbili tu. Mafundi huuita kwa herufi na tarakimu, I2C, na waya hizo za pamoja huziita "basi". Msomaji asifikirie mabasi ya Singida. Ingawa asili ya jina ni hiyo hiyo, chombo kinachobeba wote.

Waya mmoja hubeba data. Wa pili hubeba mapigo ya kuhesabia, kama mpiga ngoma anayewapa wachezaji hatua. Chipu kuu hupiga mapigo, na kwa kila pigo tarakimu moja, sifuri au moja, husomwa kwenye waya wa data. Tarakimu nane hufanya neno moja. Pigo la tisa ni la kuitikia: aliyepokea huuvuta waya chini kusema "nimepata, endelea". Katika kasi ya kawaida mapigo hayo hufikia 100,000 kwa sekunde.

Jambo la kuzingatia ni namna waya hizo zinavyoshikwa. Kila waya huvutwa juu na rezista, mfano wa kamba iliyofungwa kwenye springi. Hakuna chipu inayousukuma waya juu. Kila moja inaweza tu kuuvuta chini, kisha kuuachia. Waya ukiwa juu, maana yake ni "moja" au kimya. Ukiwa chini, kuna aliyeushika. Utaratibu huu ni wa bei nafuu na huzuia chipu mbili kuunguzana, lakini una udhaifu ulio wazi: mmoja akiushika waya wa data asiuachie, wengine wote wananyamazishwa. Hata chipu ya saa, isiyohusika kabisa, haiwezi tena kusikika.

Sisemi kwamba kila monita iliyo hospitalini hutumia njia hii kupimia oksijeni. Monita kubwa nyingi huwa na mawasiliano ya aina nyingine kati ya sehemu zake kuu. Lakini vihisi vidogo vya mwanga vilivyomo kwenye vifaa vya bei nafuu, vipima joto vya majokofu ya chanjo, chipu za betri na za saa, na sehemu kubwa ya vifaa vinavyobuniwa na vijana wetu vyuoni, hutumia waya hizi mbili. Ni vigumu kukipata kifaa tiba cha kisasa chenye betri ambacho hakina njia kama hii mahali fulani ndani yake.

Treni iliyosimama katikati ya njia

Tuchukue mfano wa Reli ya Kati ya zamani, ile yenye njia moja. Treni ikitoka Bahi kuelekea Kintinku, hakuna treni nyingine inayoruhusiwa kuingia kipande hicho mpaka ile ya kwanza ifike. Sasa fikiri treni imesimama katikati ikisubiri ishara, na wakati huo huo mkuu wa kituo, ambaye ndiye angetoa ishara, amebadilishwa ghafla. Mkuu mpya anaingia ofisini, hana kumbukumbu yoyote, anatazama njia na kuona imekaliwa. Kwa kuwa ni mtu wa kufuata kanuni, anasubiri iwe wazi. Dereva naye anasubiri ishara. Wote wawili wanafuata kanuni, na wanaweza kusubiriana hadi kiama.

Hivyo ndivyo njia ya waya mbili inavyoganda. Chipu kuu ilikuwa ikisoma neno kutoka kwenye kihisi. Kihisi kilikuwa kimefika kwenye tarakimu ya sifuri, hivyo kimeuvuta waya wa data chini kikingoja pigo linalofuata ndipo kitoe tarakimu nyingine. Katika nukta hiyo chipu kuu inajizima na kuwaka upya. Inaamka ikiwa imesahau yote, inauona waya wa data uko chini, inahitimisha kwamba njia ina shughuli, na inangoja. Kihisi, ambacho hakikuzimika, kinangoja pigo ambalo halitakuja.

Hapa ndipo ilipo siri ya "zima, washa" isiyofaulu. Kitufe cha kuwashia upya, katika vifaa vingi, humbadilisha mkuu wa kituo tu. Hakiiondoi treni njiani. Vifaa vyenye betri ya ndani ni wagumu zaidi kwa jambo hili. Kubonyeza kitufe cha kuzimia huzima kioo na kuilaza chipu kuu, lakini umeme wa vihisi hubaki. Kuchomoa waya ukutani nako hakubadilishi kitu, kwa kuwa betri inaendelea kuvilisha. Muuguzi anayesema "nimezima mara tatu na bado" huwa anasema kweli, na fundi anayemjibu kwamba hakuzima vizuri huenda naye anasema kweli.

Katika baadhi ya mashine kuna mlinzi wa ndani, saa ndogo inayoiwasha upya chipu kuu yenyewe ikiona imekaa kimya kupita kiasi. Ni ulinzi mzuri, ila kwa ugonjwa huu huleta dalili ya kushangaza: kifaa kinawaka, kinaonesha nembo ya mtengenezaji, kinazima, kinawaka tena, kinaonesha nembo, bila kikomo. Ukiiona dalili hiyo mara baada ya umeme kuyumba, usiharakishe kusema kioo kimekufa au kifaa kimeungua. Inawezekana kabisa hakuna kilichoungua.

Kwa nini hapa kwetu

Chanzo cha kwanza ni umeme. Kukatika kabisa hakuna madhara sana kwa njia hii, kwa kuwa kila kitu huzima pamoja. Kinachodhuru ni kuyumba: umeme unashuka kwa sehemu ya sekunde, au unakatika na jenereta inashika. Chipu kuu, ambayo hudai umeme mwingi na thabiti, hujiwasha upya. Kihisi, kinachoridhika na kidogo, hakishtuki. Ndipo kumbukumbu zao zinapoachana. Hospitali yoyote katika nyanda hizi za kati, iwe Manyoni, Kongwa au Mpwapwa, inalifahamu tukio hilo la taa kufifia na kurudi.

Chanzo cha pili hukisikia kila anayevua sweta la nailoni jioni ya mwezi wa Julai mjini Dodoma: umemetuli. Mvua zetu hunyesha takribani kati ya Desemba na Aprili, kisha hufuata miezi mirefu ya ukavu na upepo. Blanketi la nailoni likiburutwa juu ya godoro la plastiki, mkono wa muuguzi unaweza kubeba chaji ambayo hata yeye ataihisi ikiruka akigusa chuma. Viwango vya kimataifa vya vifaa tiba vinatambua jambo hili. Matoleo ya sasa hutaka kifaa kistahimili cheche ya volti 8,000 kwa kuguswa na 15,000 kwa kupitia hewani, na matoleo ya awali yaliwashauri watumiaji kwamba sakafu zikifunikwa kwa vitu vya plastiki, unyevu wa hewa usipungue asilimia 30. Sakafu ya saruji au vigae, ambayo wengi huiona ya kimaskini, kwa hili ni bora kuliko zulia la plastiki. Cheche ndogo ikipita karibu na waya wa mapigo, kihisi huweza kuihesabu kama pigo. Kuanzia hapo kihisi kiko hatua moja mbele ya chipu kuu, na chipu kuu ikitaka kufunga mazungumzo inaukuta waya wa data umeshikwa.

Chumba cha upasuaji kina chanzo chake cha tatu, nacho ni mashine ya kukatia kwa umeme. Mkondo wake hutetemeka mara laki kadhaa kwa sekunde, yaani katika masafa yale yale ambamo waya hizi mbili huzungumza. Waya wa kibanio ukipitishwa sambamba na waya wa mashine hiyo, au ukizungushwa juu yake, tunaualika usumbufu. Na mwisho kuna sababu za kawaida kabisa: plagi iliyolegea, waya uliokunjwa mara elfu moja kwenye reli ya kitanda, vumbi.

Mapigo tisa

Tiba ya mgando huu imo katika maelezo rasmi ya utaratibu wenyewe, na ni rahisi kiasi kwamba mtu huona haya kuhesabu ni mara ngapi imesahauliwa. Kihisi kinangoja pigo. Basi kipewe pigo.

Programu inayokiendesha kihisi, ambayo waandishi wa kompyuta huiita kiendeshi, inapoukuta waya wa data umekaa chini kupita muda unaokubalika, haitakiwi kungoja. Inatakiwa iache kwa muda njia za kawaida za mawasiliano, iushike waya wa mapigo moja kwa moja, na ipige. Kwa kila pigo kihisi husogea tarakimu moja mbele. Hata kama kilikuwa mwanzoni mwa neno lenye sifuri nane, ikifika zamu ya tisa ni lazima kiuachie waya wa data, maana zamu hiyo ni ya mwingine kuitikia. Hakuna anayeitikia, kihisi hutafsiri ukimya huo kuwa "inatosha" na kuacha kuzungumza. Baada ya hapo kiendeshi hutoa ishara ya kufunga mazungumzo, na njia imekuwa wazi. Ndiyo sababu hesabu ni tisa, wala si kumi au ishirini. Kwa kasi ya mapigo 100,000 kwa sekunde, tiba nzima haifiki hata elfu moja ya sekunde. Moyo unaopiga mara 100 kwa dakika hupiga pigo moja kila elfu 600 za sekunde. Mashine ingeweza kuugua na kupona mara mamia kati ya pigo moja la moyo na jingine, bila mgonjwa kukosa hata kipimo kimoja.

Kuna tahadhari moja ambayo waandishi wa programu wachanga huiruka. Mapigo yasipigwe tisa kwa upofu. Baada ya kila pigo waya wa data utazamwe, na ukishaachiwa tu, kupiga kukome na mazungumzo yafungwe. Sababu yake ni hii: huenda chipu iliyoushika waya haikuwa ikisema bali ikiandikiwa, na ilikuwa imeuvuta waya ili kuitikia. Pigo moja tu lingetosha kuiachisha. Ukiendelea kupiga huku waya uko juu, chipu itadhani inaandikiwa tarakimu za moja mfululizo, na neno la moja nane ni 255. Kama chipu hiyo ni kumbukumbu inayotunza mpangilio wa pampu ya dawa, msomaji ataona ni kwa nini nasisitiza.

Iwapo kilichoshikwa chini ni waya wa mapigo wenyewe, tiba ya mapigo haipo, kwa sababu huwezi kupiga ngoma iliyoshikwa. Utaratibu wa awali wa I2C haukuweka ukomo wa muda ambao chipu inaweza kuushika waya huo. Utaratibu dada uliotungwa na kampuni ya Intel katikati ya miaka ya 1990 kwa ajili ya betri na mitambo ya kompyuta ulirekebisha kasoro hiyo: chipu ikiona waya wa mapigo umekaa chini zaidi ya elfu 35 za sekunde, inapaswa iwe imeshajiondoa yenyewe. Kwa chipu zisizo na adabu hiyo, dawa ni kuzikatia umeme na kuurudisha. Kifaa kilichobuniwa vizuri huwa na swichi ndogo ya elektroniki ambayo chipu kuu huweza kuitumia kuzima vihisi peke yake. Gharama ya swichi hiyo ni ndogo sana, na kutokuwapo kwake ndiko kunakomlazimu fundi kusafiri kutoka mjini kwenda zahanati kuchomoa betri.

Lakini kuifungua njia ni nusu ya kazi. Kihisi kilichokatiwa umeme kimesahau mipangilio yake yote: nguvu ya mwanga, kasi ya kupima, kila kitu. Kiendeshi lazima kikiulize kwanza jina lake, kikipange upya, na kitupe vipimo vya mwanzo. Na muda wote huo, hata ukiwa mfupi, namba ya zamani isikae kiooni ikijifanya mpya. Kwa maoni yangu hili lina uzito kuliko mapigo yenyewe. Kila namba inayotoka kwenye kihisi iandikwe pamoja na muda iliyozaliwa, na sehemu inayochora kioo iulize umri wa namba kabla ya kuionesha. Ikiwa imezeeka, iondolewe na vistari vikae mahali pake, na mlio wa hitilafu usikike. Kifaa kilichomsaliti yule mama kilikuwa na mgando ndani yake, ndiyo. Lakini kilichomweka hatarini ni kioo kilichoonesha 98 bila kuuliza ya lini.

Historia ya vifaa tiba inalo onyo zito kuhusu programu zinazonyamazia makosa yake. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25 iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Makosa yalikuwa ndani ya programu. Mashine ile ilikuwa ikitoa ujumbe mfupi wa hitilafu wenye namba tu, nao ulijitokeza mara kwa mara kiasi kwamba waendeshaji walizoea kubonyeza kitufe kimoja na kuendelea. Kwa hiyo siwaungi mkono wanaotaka kila mgando upige kengele wodini. Kengele zikizidi masikio huziba. Mgando uliopona wenyewe katika elfu moja ya sekunde uandikwe kimya kwenye kumbukumbu ya kifaa, mahali ambapo fundi atausoma. Mgando ambao haukupona baada ya majaribio matatu, huo upige kengele, useme kwa maneno kwamba kihisi hakijibu. Na kifaa chenye kumbukumbu ya migando arobaini kwa siku kipelekwe karakana hata kama kila mmoja ulipona: kina waya unaokatika.

Nchini kwetu hakuna sababu ya maarifa haya kubaki mbali. Mfumo wa Linux, unaoendesha vifaa vingi duniani, unayo programu tayari ya kufanya uokoaji huu, na maandishi yake yako wazi kwa yeyote kusoma. Kinachohitajika ni mbunifu kuunganisha waya za mapigo na data kwenye miguu ya chipu inayoweza kushikwa moja kwa moja. Bila hivyo programu ipo lakini haina mikono. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina wanafunzi wa udaktari na wanafunzi wa kompyuta kwenye vilima vile vile, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani nao. Mwanafunzi anayebuni kipima joto cha mtoto njiti na asijaribu kuuchomoa umeme katikati ya kusoma, mara mia, kuona kama kifaa kinajirudia, hajamaliza kukibuni. Jaribio hilo halihitaji maabara. Linahitaji swichi na subira.

Kitandani kwa mgonjwa

Mambo ya chipu ni ya wahandisi, lakini mgando hutokea mikononi mwetu. Namba ikikutia shaka, au ikikaa pale pale bila kusogea hata moja kwa dakika kadhaa, mtazame mgonjwa kwanza: rangi ya midomo na ulimi, kifua kinavyopanda, pumzi kwa dakika, mapigo kwenye kifundo cha mkono. Tazama pia wimbi lililo chini ya namba. Wimbi lililolala, au lililosimama kama picha, halistahili kuaminiwa hata namba iwe nzuri kiasi gani. Sikiliza mlio: katika monita nyingi sauti huzama kadiri oksijeni inavyoshuka, na mlio uliokoma wakati namba inaendelea kuonekana ni ishara tosha kwamba sehemu moja ya mashine haizungumzi na nyingine.

Kisha fanya jaribio la meza. Toa kibanio kidoleni. Vifaa vingi hushikilia namba ya mwisho kwa sekunde chache kwa makusudi, ili isiruke-ruke, kwa hiyo vumilia hadi nusu dakika. Namba isipoondoka, kifaa kimeganda; tafuta kingine kabla ya kushughulika na hicho.

Kukizima kunataka mpangilio, na mpangilio unategemea kifaa. Kipima oksijeni kinaweza kuzimwa wakati wowote ikiwa mgonjwa anatazamwa na mtu. Mashine ya kupumulia haizimwi mpaka mgonjwa awe anapumuliwa kwa mfuko wa mkono na mtu anayejua kuutumia. Pampu ya dawa haifunguliwi kabla ya kubana mpira wa dripu, kwa kuwa dawa iliyobaki inaweza kuingia yote kwa mkupuo. Na kama ni dawa inayoshikilia presha ya mgonjwa, pampu ya pili iwe tayari imejazwa na kuwashwa. Baada ya hapo ndipo kifaa kizimwe kikweli: kitufe, waya wa ukutani, na betri ikiwa inatolewa bila kufungua skrubu. Subiri nusu dakika, maana umeme uliobaki ndani huchukua muda kwisha. Betri iliyofungwa kwa skrubu mwachie fundi.

Andika kwenye daftari la makabidhiano saa ya tukio, maneno yaliyokuwa kiooni kama yalivyo, na kilichotangulia: umeme ulififia, jenereta ilishika, mashine ya kukatia ilikuwa inatumika, blanketi lilibadilishwa. "Mashine mbovu" haimsaidii fundi sanifu wa vifaa tiba. "Imeganda saa 8 usiku mara tu umeme uliporudi, ni mara ya tatu wiki hii" inampeleka moja kwa moja kwenye tatizo. Tukio lililomdhuru mgonjwa, au lililokaribia kumdhuru, liripotiwe pia kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo kazi yake ni pamoja na kufuatilia usalama wa vifaa vilivyoko sokoni. Mtengenezaji anayepata taarifa moja kutoka Dodoma anaweza kuipuuza. Akipata kumi za aina moja ataifungua programu yake aitazame.

Kwa mgonjwa anayetumia kifaa nyumbani, iwe cha oksijeni, cha presha au cha sukari, jaribio ni lile lile kwa namna nyepesi. Kitoe kidoleni au mkononi, uone kama namba inafutika au kifaa kinaanza kipimo kipya. Kisipofanya hivyo, toa betri, hesabu hadi thelathini, zirudishe, upime tena ukiwa umekaa na mkono ukiwa na joto. Ukijisikia vibaya, pumzi zikabana au kichwa kikawa chepesi, nenda kituo cha afya hata kama kifaa kinasema 98, na ukifika mwambie anayekuhudumia kifaa chako kilisoma nini na saa ngapi.